Ahueni ya Kete Nane

Usiku ule sikulala. Shemeji yangu Sadala alikuwa amekwenda Ruaruke kwa akida tangu alasiri, kumwombea mwanangu, na aliniahidi kwamba isha itamkuta Mtunda. Isha ikapita. Nikakaa uani juu ya kinu kilicholazwa, mbwa akibweka nasimama, akinyamaza nakaa. Nikaingia ndani nikachochea moto ambao haukuwa na chungu juu yake. Nikahesabu vibuyu vyangu ukutani, vilikuwa vitano. Nikatoka, nikarudi, nikavihesabu tena, vikawa vitano vile vile, na hilo ndilo lililoniondolea usingizi kabisa.

Mwanangu Tamimu alikamatwa Jumatano kivukoni. Alikuwa amebeba michi sita ya kuuza, aliyoichonga ami yake Sadala, na kibuyu kidogo cha maji yaliyokorogwa unga wa mtama. Wasafiri wengi huchukua maji ya namna hiyo, yanashibisha njiani. Lakini ulikuwa mwaka wa vita vya maji. Ng'ambo ya mto Wamatumbi walikuwa wameng'oa pamba ya serikali na kushika silaha, na kila kijiji kilisikia kwamba anayepewa dawa ya maji, risasi ya Mdachi haimwingii. Maji na mtama vilitosha kumkamatisha mtu. Askari wakamfungia Tamimu katika ghala la pamba kwa akida, wakaendelea na doria yao, wakasema watapita tena Jumamosi kuchukua wafungwa wote wawapeleke Mohoro. Huko Mohoro watu walikuwa wameanza kunyongwa. Kabla ya Jumamosi akida angeweza kusema, huyu namjua, mwacheni. Askari wakishawachukua, neno lake halikuwa na kazi tena.

Tamimu alikuwa siku nne safarini, na vibuyu vyangu vyote vilikuwa ukutani. Kile alichokutwa nacho sikukijua kimetoka wapi.

Sadala alifika majogoo yakiwika, miguu yake imelowa umande mpaka magotini.

"Hujalala, shemeji?"

"Nilale nina nini? Amesemaje?"

"Amesema nirudi Ijumaa baada ya sala. Nije na ubao wangu na mwadhini Abbasi."

"Ubao wa nini?"

"Wa bao. Nina ubao gani mwingine?"

Nilimtazama. Mwanangu yuko ghalani, na huyu ananiletea habari za bao. Sadala akavua kanzu yake yenye matope akaikung'uta, akasema, "Anasema hasikii shauri la mtu kabla hajacheza naye. Sasa nipe maji nioge, na usinitazame hivyo, si mimi niliyemfunga."

Watu waliomjua Sadala kwa jina tu walidhani ni mtu mkubwa. Hakuwa na ukubwa wowote. Alikuwa mchonga vinu na michi, mdogo wa marehemu mume wangu, mfupi, mwenye kidole kimoja pungufu katika mkono wa kushoto, alichokatwa na tezo lake mwenyewe ujanani. Mkewe alikufa kwa uzazi na hakuoa tena. Alikula kwangu kila siku kwa miaka kumi na miwili, na kila siku alisema chumvi imezidi, na kila siku alifuta sahani. Hakuwa mtu wa kuombwa shauri la ndoa wala la shamba, maana ukimwomba angekwambia ukweli kama ulivyo halafu arudi kuchonga. Alikufa miaka miwili baada ya haya ninayoyaandika, mwaka wa njaa, akiwa dunguni kwake analinda mpunga usiliwe na nguruwe. Hakuacha kitu ila tezo, mbao tatu za bao, na jina lake la kupima ahueni.

Hilo la ahueni lazima nilieleze, maana ndilo lililoshika roho ya mwanangu. Fundi wa bao akikutana na mtu wa kawaida, hapana mchezo. Fundi hapati raha na mwenzake hapati nafasi. Kwa hiyo kwetu mwenye nguvu humpa mwenziwe ahueni. Huchukua kete kutoka mkononi mwake, kabla mchezo haujaanza, akaziweka katika mashimo ya nyuma ya mwenziwe. Kete mbili, au tatu, kwa kadiri ya tofauti yao. Mwenye kutoa anaanza akiwa amepungukiwa, tena kete zake za mkononi zinakwisha mapema wakati mwenzake bado anatia zake. Ahueni ikipimwa vizuri, watu wawili wasiolingana wanahemeshana mpaka mwisho, na hakuna anayejua nani atafungwa. Mtu mmoja lazima apime na aseme hadharani, na watu wakubali. Mtu huyo, tangu Mtunda mpaka watu wa Mloka waliotelemka mtoni na mahindi yao, alikuwa Sadala. Alikaa akakutazama ukicheza mabao mawili, hasemi kitu, kisha akataja namba. Hakuongeza kwa urafiki wala kupunguza kwa chuki.

Na namba ile haikuwa moja kwa kila mchezo. Ahueni ya bao kubwa, ambalo watu huanza na kete nyingi mkononi, huwezi kuichukua nzima ukaipeleka katika bao la kujifunzia, lile ambalo kete zote zimeshatandazwa mashimoni tangu mwanzo. Pale hakuna akiba ya mkononi ya kupotea, kila kitu kiko wazi. Mtu wa kete nne katika bao kubwa, katika bao la kujifunzia ni mtu wa mbili tu. Haya niliyasikia mara nyingi nikiwa napepeta mchele, naye anawafokea vijana uani kwangu.

Fatehali, Mhindi mwenye duka Ruaruke, alikuja siku moja kupimwa. Alitumai atapata tatu. Sadala akamtazama mabao mawili akasema, "Moja."

"Moja!" akasema Fatehali. "Fundi, hata paka wa dukani kwangu angepata zaidi ya moja!"

"Mlete huyo paka nimpime."

Fatehali alicheka mpaka akafuta macho, na tangu siku ile alijisifu kila mahali kwamba yeye ni mtu wa moja.

Akida alikuwa mtu wa kete nne. Jina lake Abdulkarimu, mgeni kutoka pande za Pangani, aliyeletwa na serikali kutukusanyia kodi na kutulimisha pamba. Miaka miwili nyuma alikuwa amemwita Sadala ampime, akaambiwa nne, na watu walisema hakulala vizuri siku ile. Watu wa vyeo hawajazoea kutajiwa upungufu wao kwa namba.

Alhamisi nikapika wali, nikaufunga katika kikapu, nikaenda Ruaruke mwenyewe. Mlinzi wa ghala alipokea chakula, hakuniruhusu kusogea. Nikazunguka nyuma ya nyumba ya akida kwa mkewe, Mwantumu, mwanamke wa makamo yangu, ambaye aliwahi kununua kinu kwetu. Alinikaribisha jikoni akanipa kigoda.

"Bwana ana hasira?" nikamwuliza.

"Ana hofu," akasema. "Mwenye hofu ni mbaya zaidi. Wakisema amemwachia mtu wa maji, na yeye kazi hana. Lakini tangu jana anatafuta kanzu nzuri ya kuchezea bao. Kesho watacheza wawili wawili, amemwomba Fatehali awe upande wake."

Bao la wawili wawili sikulijua. Hilo huchezwa barazani siku za sikukuu, watu wawili kila upande, wanapokezana zamu, na sisi wanawake tunakuwa jikoni. Lakini nilikuwa na kichwa kilichochoka na hofu ya siku mbili, na kichwa hicho kikaanza kupiga hesabu. Akida akishinda atafurahi. Akifurahi atasikia. Sadala hataachia mchezo hata umchinje, namjua. Lakini akida akipewa ahueni kubwa atashinda bila kuachiwa. Peke yake ni mtu wa nne. Kesho wako wawili.

"Mwenzangu," nikamwambia Mwantumu, "nimekaa na Sadala miaka mingi, nayajua mambo yake. Mwambie Bwana asingoje kupimwa. Aombe mwenyewe, aombe nane. Ndiyo haki yao, wawili wakiwa pamoja."

"Nane?"

"Nane."

Mwantumu akairudia namba kwa midomo ili asiisahau. Nikarudi Mtunda nikiwa nimepata nguvu kidogo, na Sadala sikumwambia.

Ijumaa nilifika Ruaruke kabla ya sala, nikakaa na Mwantumu ndani, nyuma ya mkeka unaotenga baraza. Kwenye tundu la mkeka niliona ubao wa Sadala chini, akida upande mmoja na Fatehali pembeni yake, Sadala upande wa pili na Abbasi, mwadhini wetu, mchezaji mzuri na mtu wa kucheka ovyo. Wanaume kama kumi na watano walikuwa wamesimama kutazama. Ghala lilikuwa ng'ambo ya uwanja, limefungwa kwa komeo la mti, mlinzi ameketi mbele yake.

Sadala alihesabu kete, sitini na nne, kama alivyofanya siku zote. Akafungua kinywa kutaja ahueni. Akida akainua mkono.

"Sina haja ya kupimwa," akasema kwa sauti ya watu wote. "Haki yetu naijua. Tupe nane."

Kisha Abbasi akacheka. Hakutaka, nilimwona akijizuia, lakini kilimtoka.

"Nane!" akasema. "Nane alipewa mjukuu wangu, Bwana Akida, na siku hiyo alikuwa anaota meno!"

Baraza zima likaangua kicheko. Fatehali alifunika mdomo kwa kilemba chake. Akida hakuelewa, kisha akaelewa nusu, na uso wake ukabadilika rangi. Aligeuka kutazama ndani, pale pale tulipokuwa. Mwantumu akanishika mkono, kucha zake zikaingia.

"Umenifanya nini, mwenzangu?" akaninong'oneza. "Nane ni ya nini?"

Nilikuwa sijui bado. Nilijua tu kwamba nimemwua mwanangu.

Sadala hakucheka. Aligonga ubao kwa kete mara moja, watu wakanyamaza.

"Mnacheka nini?" akasema. "Wawili wawili tunajumlisha ahueni za watu wawili, kisha tunakata nusu, kwa sababu kila mmoja anacheza nusu ya zamu. Bwana Akida nne, Fatehali moja, hiyo tano. Nusu yake mbili, na ile nusu kete hatuipasui. Abbasi na mimi hatuna kitu. Mbili kwa bao moja. Bwana Akida amehesabu mabao manne. Mbili mara nne ni ngapi, Abbasi?"

"Nane," akasema Abbasi, macho chini.

"Basi. Mwadhini hajui hesabu, nyinyi mnacheka. Tukae tucheze mabao manne."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba wawili wawili ahueni haizidishwi, inakatwa. Nilikuwa nimemfanya akida aombe ahueni ya mtoto mbele ya watu wake.

Walicheza mpaka alasiri. Sikumbuki mengi. Nakumbuka bao la kwanza akida alifungwa. La pili Fatehali alikula vizuri, Abbasi akaguna, "Huyu Mhindi ana mkono wa wizi," na Fatehali akajibu, "Nimejifunza kwa wateja wangu," na hata akida akatabasamu kidogo, wakashinda. La tatu na la nne wakafungwa. Mara mbili nilitaka kwenda msalani na mara mbili nikarudi nusu njia, nikiogopa neno litasemwa nisilisikie.

Bao la nne lilipokwisha akida aliwaambia watu waende. Wakabaki wao wanne.

"Sadala," akasema. "Nilipoomba nane, nilikuwa nimehesabu mabao manne?"

Sadala alikuwa anakusanya kete. Mkono ukasimama.

"Hapana, Bwana."

"Nilikosea."

"Ulikosea."

"Ukanisitiri."

"Nilikusitiri."

"Watu wanasema Sadala hadanganyi katika ahueni, hata kwa ndugu yake. Leo umedanganya ili kunisitiri mimi, mtu ambaye hunipendi. Sasa unataka uniambie habari za mwana wa ndugu yako. Nitakuamini vipi?"

Sadala aliitazama kete iliyokuwa mkononi. Nikanyanyua mkeka nikatoka, Mwantumu akinivuta kanga kwa nyuma.

"Ni mimi, Bwana Akida. Nane nimeileta mimi."

"Nani huyu?"

"Mama yake kijana," akasema Mwantumu kutoka ndani.

"Nilimpa mkeo maneno. Nilihesabu nne mara mbili. Shemeji yangu hakujua mpaka ulipotamka."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ushinde, Bwana."

Abbasi alikohoa kwa nguvu, nikajua anazuia kicheko kingine.

"Ukataka nishinde," akasema akida, "ukanifanya mjukuu wa mwadhini."

Kisha akamgeukia Sadala. "Haya. Hakuna watu sasa. Umenitazama mabao manne. Mimi peke yangu, leo, ni mtu wa ngapi?"

Nilimwomba Mungu Sadala aseme tatu. Nilimkazia macho Sadala ili ayaone macho yangu. Tatu, neno dogo tu, na akida atainuka mwenye furaha.

"Tano," akasema Sadala.

Fatehali akavuta pumzi.

"Nilikuwa nne."

"Ulikuwa nne, Bwana. Miaka miwili hii umeshuka. Zamani ulitazama mashimo yako ya nyuma. Siku hizi unatazama nyuso za watu."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Akida hakufoka. Alichukua kete moja akaigeuza geuza katika vidole.

"Kibuyu cha kijana," akasema. "Ndani ni dawa au ni uji wa njiani?"

"Sijui."

"Hujui!" Nilisikia sauti yangu mwenyewe. "Sadala!"

"Sijui, shemeji, na wewe hujui," akasema bila kunitazama. "Bwana Akida, kibuyu kile si cha nyumbani kwetu. Kilichomo sikukionja. Nijualo ni hili: siku watu wa dawa walipofika Mtunda kugawa maji, Tamimu alikuwa nami porini tangu alfajiri mpaka magharibi, tunaangusha mti wa vinu. Wengi walikwenda kunywa siku ile, sitakutajia. Yeye hakuwapo. Alichokutana nacho njiani siku nne, siwezi kukiapia."

Akida akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Tangu Jumatatu mlango huu wamekuja baba, mama na wajomba," akasema. "Wote wameniapia kwa msahafu kwamba ni uji. Kila kibuyu ni uji, na mtama wa nchi nzima umekuwa uji. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui." Akaiweka kete ubaoni. "Utamdhamini?"

"Namdhamini."

"Akivuka mto kwenda Matumbi, nitakuchukua wewe badala yake, na hapo sitauliza ahueni."

"Nichukue."

Alisema vile vile kama alivyokuwa akisema chumvi imezidi. Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumpiga, na sikufanya lolote kwa sababu akida alikuwa amekwisha kumpungia mlinzi mkono, na mlinzi hakuona. Alikuwa amesinzia. Fatehali akapiga makofi mawili kutoka barazani. Mlinzi akashtuka, akatazama, akaonyesha ghala kwa kidole kuuliza. Akida akatikisa kichwa, na kwa umbali ule sikuweza kujua ni ndiyo au hapana.

Mlinzi akainuka. Akavuta komeo, likagoma. Akalipiga kwa kisigino, likatoka. Mlango ukafunguka upana wa mtu mmoja, akaita jina ambalo halikunifikia.

Alitoka Tamimu, amejikunyata, nyuzi za pamba zimemjaa kichwani na kwenye nyusi kama mzee. Alisimama juani akikinga macho. Nyuma yake mkono wa mtu mwingine ulishika ukingo wa mlango, kisha mwingine chini yake. Mlinzi akaiondoa ile mikono mmoja mmoja, bila kuwaumiza, akaufunga mlango, akarudisha komeo.